Rangi Mbichi Kwenye Picha za Baba

Siku barua ya Makumbusho iliposomwa mezani, Mama alilia kidogo, shemeji yangu, mume wa dada, akapiga makofi, na mimi nikanuna. Waliomba picha ishirini na sita za marehemu baba yetu wazitundike katika ukumbi wao mpya, kama zawadi ya familia kwa umma, na Mama alikuwa ameshakubali kabla barua haijafika kwenye salamu za mwisho. Aya tatu nzima zilimsifu Baba. Zilisema alikuwa fundi wa mabango aliyejifundisha mwenyewe, kwamba kila picha ilikuwa kazi ya mkono mmoja, na kwamba hakuna mchoraji wa rika lake aliyejua kuchora macho ya watu kama yeye. Macho yale yana nukta ya mwanga iliyokwanguliwa, barua ilisema, pengine kwa kisu chembamba sana. Hapo ndipo niliponuna. Macho yale hakuyachora Baba. Aliyachora dada yangu, naye ndiye aliyekuwa anatusomea barua, na alipofika kwenye habari ya macho hata sauti haikubadilika.

Nieleze vizuri, nisije nikaonekana ninamchafulia mzee wangu jina. Baba alikuwa fundi kwelikweli. Bango la duka, ubavu wa lori, ukuta wa shule, akishika brashi watu wanasimama kutazama. Alikuwa akichora shati lililolowa jasho, unahisi linakunata mgongoni. Magurudumu, mikunjo ya nguo, mwanga unaoingia dirishani, vyote vilimtii. Zilizomshinda ni sura. Sura za Baba zilitoka kama za watu walioumwa na nyuki. Basi siku moja Dada, akiwa na miaka kumi na minne, aliokota brashi akamalizia sura ya kinyozi kwenye bango lililokuwa limemkwama Baba wiki nzima, na kuanzia siku hiyo karakana ikawa na utaratibu mpya. Baba anachora kila kitu, juu ya shingo anaacha yai jeupe. Dada akirudi shule analijaza. Mimi nilipokua nikapewa herufi, kwa sababu nilikuwa na mkono ulionyooka na mdomo usionyooka, kama Baba alivyopenda kusema. Mteja akija mapema anaambiwa sura haijakauka.

Mambo yakaenda hivyo miaka thelathini, hata Baba alipoanza kuchora picha zake mwenyewe za Jumapili, kwenye vipande vya plaiwudi vilivyobaki kazini. Mwili wake, sura za Dada, na pembeni chini jina la Baba peke yake. Tukiwa wenyewe alimsifu sana. "Mkono wako umeamka leo," alikuwa akimwambia. Mgeni akiingia, sifa zilezile alizipokea yeye huku akitazama viatu vyake. Nilimpenda Baba, na mpaka leo nina hasira naye. Vyote viwili ninavyo, na sioni sababu ya kuficha kimojawapo.

"Utawaambia," nilimwambia Dada jikoni siku ileile.

"Siwaambii."

"Basi nitawaambia mimi."

"Thubutu." Alikuwa anasugua sufuria lisilo na kosa lolote. "Wameandika mkono mmoja. Wakisikia ni miwili watasema Baba alikuwa tapeli, waziache zote hapa. Umemwona Mama alivyofurahi?"

"Nimemwona. Na mimi nataka jina lako liandikwe."

"Jina langu limeandikwa sehemu nyingi tu. Hata kwenye kadi ya kliniki lipo."

Huyo ndiye dada yangu. Ana miaka hamsini na miwili, ana wajukuu wawili, na ukimkanyaga mguu atakuomba radhi kwa kuuweka hapo. Nikamwendea Mama. Mama alinisikiliza akiwa anatunga uzi kwenye sindano, akasema, "Mwenye sura zake akisema, nami nitasema. Asiposema, nianzie wapi mimi?" Nikajibiwa hivyo, nikarudi kununa.

Makumbusho walimtuma mtu wao. Alikuwa mpole, mwembamba, wa makamo, na kabla hajagusa hata kiti alivaa glavu nyeupe. Shemeji akamwita Bwana Glavu, jina likakaa. Aliipiga kila picha kwa kamera mbele na nyuma, akiweka rula pembeni. Akajaza fomu ya kila moja: hapa pana ufa, hapa rangi imebanduka, hapa panya amepitisha meno. Akamwachia shemeji vipimo vya makasha manne ya mbao, maana shemeji ni seremala wa vitanda, akasema atarudi Jumamosi ya tatu na gari na karatasi zake za kufungia. Akaenda zake na tabasamu. Maskini, hakujua amewaacha akina nani na picha hizo.

Karakana yetu ina kitu tunachokiita mkono wa mwisho. Bango halitoki kwetu kwenda kwa mteja mpaka lipitiwe tena siku moja kabla. Kama lina mkwaruzo, linazibwa. Kama herufi imefifia, inakolezwa. Mteja alizoea kulipokea bango lake likinukia rangi, na Baba alilisimamia jambo hilo hata siku alizokuwa na homa. Sasa fikiria picha ishirini na sita zinatoka nyumbani kwetu kwenda kutazamwa na umma, halafu zina nyufa.

Hatukukaa kikao. Ijumaa kila mtu aliamka na mawazo yake akaona aibu kuyasema. Dada aliingia karakana asubuhi na kopo lake la tapentaini, nikadhani anasafisha brashi. Mimi nikaona katika picha ya foleni ya duka bango dogo la rangi nyekundu lililokuwa limepauka, na herufi zile ni zangu za miaka ya ujana, zina mkia uliopinda. Nikazinyoosha, dakika kumi tu. Shemeji akapiga msasa kingo za plaiwudi zilizokuwa zinachoma vidole, akapaka vanishi, na kwa kuwa vanishi ilibaki akayapaka na makasha pia, mpaka yakafanana na makabati ya bibi harusi. Jioni nikamkuta Mama na kitambaa chenye mafuta kidogo, anazifuta nyuma.

"Nyuma nako?" nikamuuliza.

"Huko ndiko watakakoanza," akasema. "Watu wa ofisi wanapenda kuchungulia nyuma."

Jumamosi saa tatu Bwana Glavu akafika. Tulikuwa tumesogeza makochi, picha zimeegemezwa ukutani sebule nzima, na sisi tumevaa vizuri kana kwamba tunapigwa picha wenyewe. Aliingia akitabasamu. Hatua ya tatu akasimama. Pua yake ikafanya kazi.

"Kuna mtu anapaka rangi hapa?" akauliza.

Tulitazamana. Shemeji akajifanya anakohoa.

Bwana Glavu akafungua faili lake lenye zile picha alizopiga, akachuchumaa mbele ya picha ya nesi anayempima mtoto uzito. Hiyo ndiyo bora kuliko zote, kila mtu anajua. Katika faili, shavu la nesi lilikuwa na kidonda cha rangi iliyobanduka, upana wa ukucha. Ukutani, shavu lilikuwa zima na linang'aa. Alisogeza kidole cha glavu taratibu akaligusa. Kidole kikarudi na doa la kahawia.

Sijawahi kumwona mtu mzima akitazama kidole chake kwa huzuni namna ile.

Akaenda kwa ijayo, na ijayo. Alizikuta nane zenye sura mbichi. Akakuta herufi zangu, akakuta vanishi ya shemeji, akageuza picha moja akakuta mafuta ya Mama. Mwishoni akakaa kwenye kifuniko cha kasha, kisha akanyanyuka haraka, kwa kuwa nacho kilikuwa hakijakauka sawasawa. Suruali ikatoa sauti ya plasta inayobanduliwa. Shemeji alitazama dari. Mimi niliuma shavu kwa ndani, maana kicheko kilikuwa kimenifika hapa kooni, na halikuwa jambo la kucheka.

"Mama," alisema kwa upole uleule, "samahani sana. Hizi nane siwezi kuzichukua. Mtu mwingine ameingia kwenye kazi ya msanii. Ikishaingiliwa hivi, kwetu haihesabiki tena kuwa yake. Nyingine nitazichukua, lakini hizi zitabaki. Hata hii ya nesi." Akasita. "Hii ndiyo tuliyotaka kuiweka mlangoni."

Mama alishika ncha ya mtandio wake akawa anaikunja na kuikunjua.

"Nani amezigusa?" Bwana Glavu akauliza.

"Mimi," akasema Dada. "Sura ni mimi. Wengine wamegusa mambo madogomadogo, usiwasumbue."

"Dada yangu, ulifikiria nini?" Bwana Glavu akasema. "Hii ni kazi ya baba yako!"

Nikafungua mdomo. Miaka thelathini ya maneno ilikuwa imejipanga nyuma ya meno yangu. Dada hakunitazama, ila aliniinulia kiganja, kama anavyowafanyia wajukuu wake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikanyamaza nilipoambiwa. Alimtazama Mama. Mama akaacha kukunja mtandio, akatikisa kichwa kidogo, kukubali.

"Mwili ni wa Baba," Dada akasema. "Nguo, mzani, dirisha, mtoto mpaka shingoni, vyote ni vya Baba. Sura nilichora mimi. Siyo jana. Zote, tangu mwanzo. Jana nilikuwa narekebisha ya kwangu."

Bwana Glavu alivua miwani. Nadhani amesikia mengi katika kazi yake, na familia nyingi zimemwambia mengi, kwa sababu alijibu polepole kama mtu anayemtoa mtoto kwenye ngazi. "Naelewa kwamba mlimsaidia mzee. Lakini sura hizi, macho haya, tumeyachunguza kwa muda mrefu..."

"Mmeandika kisu," akasema Dada. "Siyo kisu."

Akanyoosha mkono kichwani, akachomoa pini ya nywele. Mkia wake wa nywele ukamwangukia begani, na ghafla nikamwona akiwa na miaka kumi na minne. Akaomba kipande cha plaiwudi. Shemeji alikimbia kukileta kama aliyeambiwa nyumba inaungua. Akaniomba mimi kopo la rangi na brashi. Akamwambia Bwana Glavu, "Kaa hapo kwenye mwanga. Siyo kwenye kasha, kwenye kiti. Usicheke."

Ilimchukua dakika ishirini na tano. Hakuna aliyeongea, isipokuwa Mama aliyesema mara moja, "Paji la uso lipunguze, si kubwa hivyo." Nilikuwa nimeshasahau raha ya kumtazama akifanya kazi. Anaanzia kope la kushoto, siku zote, halafu anashuka shavuni kama anayemfuta mtu jasho. Bwana Glavu alijitahidi kutocheka mpaka akawa na sura ya kuchekesha zaidi, na hiyohiyo ndiyo ikaingia kwenye mbao. Mwisho Dada alipaka jicho jeusi, akasubiri kidogo, akachukua pini akakwangua mara moja. Mtu akafungua macho pale kwenye plaiwudi.

Bwana Glavu akaweka kipande kile karibu na nesi. Akatoa kioo cha kukuzia. Alitazama huku, akatazama kule, akarudi huku, akaenda kwa fundi baiskeli, akaenda kwa mshonaji. Nilihesabu picha saba. Kisha akasema, "Naomba nipige simu kwa mkuu wangu," akatoka uani.

Tulimwona kupitia dirishani akitembea huku na huku, mkono mmoja na simu, mwingine ukichora duara hewani. Alisimama. Akatikisa kichwa. Akatembea tena. Dada alikuwa amekaa, mikono mapajani, uso umemwishia damu.

"Wakizikataa zote," akasema, "mtanisamehe?"

"Wakizikataa tutazitundika hapahapa," akasema Mama, "na anayetaka kuziona avue viatu vyake mlangoni."

"Na tutawatoza kiingilio cha kukalia kasha," akasema shemeji, na Dada akacheka bila kutaka.

Bwana Glavu alirudi akiwa na uso wa mtu aliyeulizwa maswali mengi. Mkuu wake, alisema, ametaka kujua mambo matatu, na la tatu lilikuwa kama huyo mama wa sura yuko hai na anaweza kufika Makumbusho kuzungumza na watu. Zote zinachukuliwa. Zile nane zitafuata wiki ijayo zikikauka, na tafadhali, alisema akitutazama mmoja mmoja, tafadhali kuanzia sasa mtu asizipake kitu chochote, hata upendo. Fomu zitajazwa upya. Kila fomu itakuwa na majina mawili, lakini lazima amuulize mwenyewe, picha kwa picha, na mwenyewe aseme.

Tukaanza. Bwana Glavu alishika fomu, mimi nilipewa glavu za ziada na kuzisogeza picha mbele, shemeji anazifunga zile kavu kwenye karatasi laini na sponji, Mama amekaa katikati kama hakimu.

"Picha ya kwanza. Fundi baiskeli. Sura?"

"Yangu," akasema Dada, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Ya pili. Mshonaji."

"Yangu."

"Ya tatu, foleni ya duka."

"Zangu. Zote sita. Herufi ni za mdogo wangu, na yeye mwandike."

Nilisogeza picha haraka machozi yasije yakaonekana. Kufika ya kumi, sauti yake ilikuwa imetoka kifuani. Kwenye timu ya mpira alisema, "Zangu zote kumi na moja, na ya refa pia, na huyu golikipa aligoma kukaa kwa hiyo nilimchora kwa hasira." Kufika ya ishirini alikuwa anajibu kabla hajaulizwa, ameinuka kwenye kiti, nywele begani, anatembea mbele ya ukuta akinyoosha kidole: yangu, yangu, hizi mbili zangu, yule yangu. Watu wa barabarani wangedhani tunagawana viwanja. Mimi nilitamani picha ziwe mia.

Tukabaki na moja. Bwana Glavu akaisogeza mwenyewe, akakuna kichwa.

"Hii ilitusumbua sana," akakiri. "Wataalamu wetu waliandika kurasa mbili. Wanaona kwamba hapa alikuwa anajaribu mtindo mpya."

Ilikuwa picha ya Mama akiwa kijana, ameketi akifuma sweta. Sweta lile unaweza kulihesabu nyuzi. Mikono ni mikono hasa ya Mama. Juu ya shingo, jicho moja liko juu na lingine limeshuka likafuate pua, na pua yenyewe ina safari zake. Shemeji alijificha nyuma ya sponji.

"Sura?" akauliza Bwana Glavu.

"Ya Baba," akasema Dada.

"Una uhakika?"

"Aliichora wiki niliyoolewa. Sikuwepo nyumbani."

"Na jana," akaingilia Mama, aliyekuwa amengoja nafasi hiyo tangu asubuhi, "nilimwomba anipandishie hata hili jicho moja tu, watu wasije wakanishangaa huko. Amenikatalia. Mimi mama yake! Wengine wote amewatengeneza mashavu."

Bwana Glavu akamgeukia Dada. "Kwa nini hii hukuigusa?"

"Zile zilikuwa zangu," akasema Dada. "Hii ni kazi yake yeye peke yake. Nikitia mkono wangu hapa halafu nikae kimya, si nitakuwa nimemwibia?"

Alilisema kirahisi kabisa, kama jambo ambalo kila mtu analijua. Shemeji akatoka nyuma ya sponji. Nikamwona Dada akisikia alichokisema, kinamrudia mwenyewe polepole, na mkono wake ukapanda mdomoni.

Mama aliinuka. Hainuki ovyo siku hizi, magoti yake yana maneno. Akaenda akamshika Dada uso kwa mikono miwili.

"Wewe uliibiwa, mwanangu," akasema. "Na mimi nilikuwa naona. Baba yako angekuwa hapa angekwambia mwenyewe, na kama asingeweza, angalau angeona aibu. Nisamehe mimi, umsamehe na yeye."

Dada alilia, na mimi nikalia kwa kelele zaidi yake, kwa sababu sijui kufanya jambo lolote kimyakimya. Bwana Glavu aligeukia dirisha akapangusa miwani kwa glavu, akaichafua zaidi.

"Nimeshasamehe, Mama," Dada akasema alipopata sauti. Akavuta pumzi, akafuta uso kwa kiwiko, akamwambia Bwana Glavu, "Andika. Mwili wa Baba, sura ya Baba. Andika yote ni ya Baba."

Akaandika. Dada akachukua karatasi laini kwa mikono yake, akamfunga Mama pamoja na jicho lake la juu na jicho lake la chini, akambana vizuri kwa sponji ili asiumie njiani.